Baada ya uzamifu, mtafiti aende wapi?

Mwanafunzi wa sayansi mjini Nyeri au Karatina akimuuliza mwalimu wake atafanya kazi gani akishapata shahada ya uzamifu, huambiwa upesi: utakuwa mhadhiri. Jibu hilo limeruka daraja moja. Kwingineko, mhitimu huajiriwa kwanza miaka miwili au mitatu afanye utafiti tu, chini ya mtaalamu aliyebobea, pasipo mzigo wa kusahihisha mitihani.

Kwetu nafasi hizo ni haba, ilhali kazi imejaa tele. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilipata hati mwaka wa 2012, na kile cha Karatina mwaka wa 2013. Vyote vimekaa karibu na mlima ambao barafu yake inatoweka, katikati ya wakulima wa kahawa na majanichai. Maswali haya hayajibiwi kwa siku moja. Kahawa ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa kuoza buni changa, ilitolewa mwaka wa 1985 baada ya zaidi ya miaka kumi ya kazi.

Sheria ya sayansi ya mwaka wa 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa itengewe utafiti. Serikali na itimize ahadi yake, na vyuo vitangaze nafasi hizo. Kumsomesha kijana hadi uzamifu kisha kumnyima maabara ni kupalilia mkahawa miaka mingi, kisha kuziacha buni zianguke chini.