Ngalawa ya Munje ndani ya kompyuta: wavu unapogoma kusogea

Ngalawa zinazoegeshwa ufuoni Munje, jirani ya Msambweni, hazina michoro. Fundi hupima kwa jicho na kwa mkono, huchonga gogo, hufunga miti ya kukingama, kisha huweka mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke. Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kujua ngalawa hiyo itainama kiasi gani kusi ikikaza, au itakuwaje miti ile ikifupishwa kwa nusu mita, hana karatasi ya kuanzia. Pengine alicho nacho ni leptopu, bando la intaneti, na programu huria iitwayo OpenFOAM.

OpenFOAM huchukua maji na hewa vinavyoizunguka ngalawa, ikavigawa katika seli ndogo ndogo, laki kadhaa au hata milioni, kisha ikakokotoa kasi na shinikizo katika kila seli, hatua kwa hatua ya muda. Mkusanyiko wa seli hizo tunauita wavu. Programu yenyewe ilianzia Imperial College, London, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2004 ikatolewa kwa umma chini ya leseni ya GPL. Maana yake yeyote anaweza kuitumia, kuifungua ndani na kuibadilisha bila kulipa senti. Programu za kibiashara za kazi hii huuzwa kwa leseni ghali za kila mwaka, kwa hiyo kwa vyuo vyetu hilo si jambo dogo.

Ila bure ina gharama zake, na ya kwanza hukukuta kabla hujaona hata tone la maji: kuna OpenFOAM zaidi ya moja. Tawi moja liko chini ya OpenFOAM Foundation, na matoleo yake huhesabiwa 9, 10, 11, 12. Tawi la pili lilikuwa la OpenCFD, likaingia mikononi mwa ESI mwaka 2012, na matoleo yake hutajwa kwa mwaka na mwezi: v2306 ni Juni 2023, v2312 ni Desemba mwaka huohuo. La tatu, foam-extend, lina wafuasi wake pia. Ndugu hawa wametoka tumbo moja lakini wamekua mbalimbali. Amri ya interFoam, ambayo vitabu vingi huitumia kwa maji na hewa kwa pamoja, katika toleo la 11 la Foundation imeachwa, na nafasi yake imechukuliwa na foamRun inayopewa jina la kikokotozi. Faili la dynamicMeshDict, ambalo ndilo linaloelezea wavu utasogeaje, huandikwa namna moja upande huu na namna nyingine upande ule.

Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya malalamiko kwamba wavu hausogei chanzo chake ni hapa. Mtu amesakinisha toleo la Foundation, akachukua mfano ulioandikwa kwa ajili ya tawi la ESI, kisha anailaumu hisabati. Dawa yake ni nyepesi: tumia mifano iliyokuja ndani ya toleo lako, kwenye folda ya tutorials, wala usichukue ya kwingine kabla ile ya nyumbani haijakubali kwenda. Na programu inapokwambia haitambui aina fulani ya mwendo, usiishie kwenye mstari wa kwanza wa kosa. Chini yake huwa imeorodhesha aina inazozijua. Kama sixDoFRigidBodyMotion, aina ya mwendo wa chombo kinachoelea, haimo katika orodha hiyo, ama maktaba yake haijaitwa kwenye faili, ama umeiandika kwa mtindo wa tawi lisilo lako.

Usakinishaji wenyewe umekuwa rahisi siku hizi. Mwenye Windows huweka Ubuntu ndani yake kupitia WSL, kisha huchukua kifurushi kilicho tayari. Sioni sababu ya anayeanza kukompaili msimbo wote mwenyewe. Kazi hiyo hula saa nyingi, na kwenye mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 mara nyingi hukatikia njiani kwa ujumbe kwamba g++ imeuawa. Aliyeiua ni mfumo wa uendeshaji, kwa kuishiwa kumbukumbu. Ukilazimika kukompaili, shusha WM_NCOMPPROCS hadi 1 au 2 uiache ikeshe.

Baada ya kusakinisha, wengi huandika amri wakajibiwa "command not found", wakasakinisha upya. Hakuna kilichoharibika, dirisha halijaambiwa programu iko wapi. Kwa toleo la 11 la Foundation, amri source /opt/openfoam11/etc/bashrc inamaliza shida hiyo, na ukiiandika kwenye faili la .bashrc hutahitaji kuikumbuka tena. Tahadhari: usiweke humo matawi mawili kwa pamoja, maana maktaba zitaingiliana na makosa utakayoyaona hayatakuwa na kichwa wala miguu. Tena kazi zako ziweke ndani ya folda ya Linux yenyewe. Ukiziweka upande wa Windows, kusoma na kuandika mafaili huenda kwa mwendo wa kobe, na skripti zilizoguswa na kihariri cha Windows hugoma kwa sababu ya alama za mwisho wa mstari zisizoonekana kwa macho.

Sasa tuingie majini.

Chombo kisichosogea ni rahisi: wavu hujengwa mara moja ukabaki hivyo. Ngalawa hupanda, hushuka na kulala upande, na seli zilizoigusa hazina budi kuifuata. Njia ya kawaida ni kuupinda wavu. Katika dynamicMeshDict unataja umbali wa aina mbili. Ndani ya innerDistance seli huenda pamoja na ngalawa bila kubadilika umbo; nje ya outerDistance hazisogei kabisa; kati ya hapo ndipo zinapovutwa na kubanwa. Mvuvi aliyewahi kuona jarife likinaswa na mwamba anajua litokealo: ukivuta upande mmoja, macho ya upande huo hurefuka na ya upande wa pili hukunjana. Seli ikikunjana hadi ujazo wake ukawa hasi, hesabu imekwisha, na programu husimama kwa kosa la namba lisilosema ngalawa ilikuwa ikifanya nini.

Ndiyo maana nashauri kuujaribu wavu kabla ya maji. Tawi la ESI lina amri ya moveDynamicMesh, inayosogeza wavu bila kukokotoa mtiririko wowote. Upe mwili wa ngalawa mwendo wa kulazimishwa, tuseme kulala kwa nyuzi 15 na kurudi, kisha tazama. Hesabu ambayo ingekula usiku mzima inakwisha kwa dakika chache, na ukipitisha checkMesh unajua seli zipi zimepinda kupita kiasi. Pembe ya kutokuwa mraba ikivuka nyuzi 70, programu yenyewe huanza kunung'unika. Wavu ulioshindwa mtihani huu mkavu hautaponywa na maji.

Na hapa Munje ina mtego wake. Ngalawa hurudi pwani kwa kupita ndani ya mwamba, na maji ya bamvua yakipwa kina huwa kidogo sana. Chukua kina cha sentimita 60. Ubao wa pembeni uko mita 1.3 kutoka katikati; ngalawa ikilala nyuzi 15, ubao ule hushuka kiasi cha sentimita 34. Seli zilizokuwa zimejaza sentimita 60 zinabanwa ndani ya 26, na outerDistance haina pa kukaa kwa kuwa sakafu ya bahari iko karibu mno. Utahangaika na namba za faili mchana kutwa bila mafanikio, maana nafasi yenyewe haipo. Katika hali hiyo achana na kupinda wavu. Tumia nyavu mbili zinazopandana: mmoja umeshikamana na ngalawa na kwenda nayo ukiwa mzima, mwingine umetulia na kubeba bahari, na programu huhamisha taarifa kati yao. Tawi la ESI lina uwezo huo tangu toleo v1706, na kikokotozi chake cha maji na hewa kinaitwa overInterDyMFoam. Mtindo huu ni wa polepole na unakula kumbukumbu, lakini mbao za ngalawa zinazogusa maji zamu kwa zamu hazina njia nyingine ya maana kwenye kina kifupi.

Mpaka wa ngalawa nao una jambo linalosahaulika. Kwenye faili la kasi, ganda la ngalawa lazima liandikwe movingWallVelocity. Ukiacha sufuri ya ukuta uliosimama, ngalawa itasogea huku maji yaliyogusana nayo yakidhani haijasogea. Hesabu haivunjiki, na hilo ndilo baya: inakupa majibu ya uongo kwa utulivu.

Tuseme yote hayo yako sawa, lakini ngalawa inatetemeka, kila hatua juu chini kwa nguvu inayozidi, mpaka inaruka kutoka majini. Sababu yake inafaa kueleweka, maana vyombo vyepesi kama vyetu ndivyo vinavyoonewa zaidi. Kitu kikisogea ndani ya maji hulazimika kuyasogeza na maji yaliyo karibu nacho. Gogo lenye mkato wa nusu duara, upana wa sentimita 50 majini, likipanda na kushuka husukuma maji ya takriban kilo 100 kwa kila mita ya urefu. Kwa ngalawa ya mita 5 iliyochongoka ncha, tuchukue asilimia 70 ya hapo: karibu kilo 350. Na ngalawa hiyo pamoja na watu wawili na nyavu zao ina uzito gani? Ikielea kwa kina hicho, kilo 350 hizohizo. Watu wakishuka, gogo huwa jepesi zaidi ya maji linayoyasukuma. Programu inayokokotoa maji kwanza na mwendo baadaye hupitiliza kila hatua, ikarudi kwa nguvu, ikapitiliza tena.

Kupunguza hatua ya muda peke yake hakuondoi ugonjwa huu. Kinachosaidia ni kurudia mzunguko wa maji na mwendo ndani ya hatua moja, yaani kuongeza nOuterCorrectors hadi 3 au zaidi, na kulegeza mchapuko kwa accelerationRelaxation, mathalani 0.7 au chini ya hapo. Kisha kagua kwa kalamu. Iinue ngalawa kidogo juu ya maji tulivu uiachie. Kwa vipimo nilivyotaja, eneo la majini ni kama mita za mraba 1.75, na hesabu ya fizikia ya kidato inatoa sekunde 1.25 kwa kila kupanda na kushuka. Kompyuta ikikupa sekunde 1.2 au 1.3, endelea. Ikikupa 2.5, usiende kwenye mawimbi.

Upande wa kulala na kuinuka, kosa la kawaida ni momentOfInertia. Watu huweka ya gogo wakasahau mbao. Gogo la kilo 200 lenye uzito uliokusanyika wastani wa sentimita 20 kutoka mhimili wake lina kg·m² 8 tu. Mbao mbili, kila moja na miti yake kwa kilo 20, zikiwa mita 1.3 kutoka katikati, zina karibu 68. Kilichoonekana kama kiambatisho ndicho kinachoamua ngalawa italala upesi au polepole.

Neno moja kuhusu stima. Ikikatika katikati ya hesabu, hupotezi kitu iwapo uliagiza kuandika matokeo mara kwa mara na kuweka startFrom latestTime. Lakini angalia folda ya uniform ndani ya muda wa mwisho: hali ya mwendo wa ngalawa huhifadhiwa humo. Ukihamisha matokeo kwenda mashine nyingine ukaiacha, ngalawa itaanza kama iliyosimama huku wavu ukiwa umeshapinda.

Kinachokosekana hasa ni vipimo. Namba nilizotumia hapa ni za makadirio, na hakuna programu inayoweza kubuni za kweli. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na wa vyuo vingine vya Pwani wanaweza kuzipata kwa vifaa vya kawaida. Mizani inatoa uzito. Futi inatoa mikato ya gogo kila nusu mita. Kwa kitovu cha uzito, iacheni ngalawa ielee, hamisheni mfuko wa mchanga uliopimwa kutoka katikati hadi pembeni, na msome kwa timazi imelala nyuzi ngapi. Ombeni ruhusa ya mwenye chombo na mmlipe muda wake, mwende siku za maji mafu ufuo ukiwa mtulivu, na mkishamaliza wekeni vipimo hivyo wazi kama programu yenyewe ilivyo wazi.