Insulini: Kwa Nini Siku 28 Tu?



Familia zenye mgonjwa wa kisukari hutuuliza: "Nesi, dawa bado imo, na tarehe iliyoandikwa ni ya mwakani. Kwa nini tukitupe kichupa?" Ni swali la haki, maana dawa ni ghali.

Insulini ni protini, kama ulivyo ute wa yai. Haimezwi, kwa sababu tumbo lingeisaga kama chakula. Huchomwa chini ya ngozi. Kichupa cha kawaida cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Anayechoma yuniti 20 mara moja kwa siku atakitoboa mara 50. Kila sindano inapopita kwenye kizibo cha mpira yaweza kuingiza vijidudu.

Kwa hiyo watengenezaji hutia kihifadhi, yaani dawa kidogo ya kuzuia vijidudu visizaliane, kama vile metakresoli au fenoli. Ndiyo ile harufu ya hospitali mnayoisikia. Hakitiwi kingi, kwani kikizidi chaweza kudhuru mwili au kuharibu protini yenyewe. Ndiyo maana ulinzi wake una mpaka. Tarehe iliyochapwa ni ya kichupa kisichofunguliwa na kilichotunzwa kwenye jokofu. Kikishatobolewa, kwa insulini nyingi hesabu ni siku 28.

Basi, tuzingatie haya:

1. Andika kwenye kichupa tarehe ya kukifungua.

2. Futa kizibo kwa spiriti, na tumia sindano safi.

3. Kila mgonjwa awe na kichupa chake na sindano yake. Kihifadhi si kinga ya virusi vya UKIMWI wala vya homa ya ini.

4. Epuka jua na moto. Kwenye joto la Bonde la Rukwa, funga kichupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, ukiweke katika chungu chenye maji kivulini. Huku juu Ufipa, baridi ya Juni na Julai husaidia, lakini insulini isigande kamwe. Ikiganda, itupwe.

5. Insulini angavu ikifanya ukungu, au ile nyeupe kama maziwa ikibaki na mabonge, usiichome.

Fuateni kichupa kipya kabla siku 28 hazijaisha. Zikiisha kabla hamjakipata, mgonjwa asiache kuchoma kwa hofu. Mleteni hospitali mara moja. Kukosa insulini kwaweza kuua upesi kuliko kichupa kilichopitisha siku.