Kiyoyozi cha Gari: Tupime Kabla ya Kubadilisha

Mwalimu mmoja wa Dar es Salaam alipeleka gari lake gereji kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kimeacha kupoza. Fundi alifungua boneti, akatazama kwa muda mfupi, akasema kuwa kompresa imekufa. Kompresa nyingine ikanunuliwa, ikafungwa, na gesi mpya ikajazwa. Asubuhi, gari lilipokuwa likienda kasi, hewa ilikuwa baridi. Lakini mchana, katika msongamano wa magari, ilirudi kuwa ya joto kama kwanza. Ndipo mwalimu alipokumbuka kwamba hata kabla ya matengenezo hali ilikuwa hiyo hiyo, ila hakuna aliyemwuliza. Kasoro ilikuwa katika feni ya kondensa. Haikuzunguka kwa sababu rilei yake, kifaa kidogo cha bei nafuu, ilikuwa imeungua. Kompresa ya zamani ilikuwa nzima.

Kisa hiki si cha ajabu. Fedha nyingi hupotea kwa kubadilisha vipuri visivyo na kosa. Nia ya makala haya ni kuonyesha jinsi fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari inavyoweza kutuongoza kuitambua kasoro kabla ya kugusa spana.

Joto huhamishwa, haliharibiwi

Mtu akipaka spiriti mkononi huhisi baridi, kwa sababu spiriti inapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika ngozi. Kiyoyozi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Hakitengenezi baridi, hulichukua joto lililomo ndani ya gari na kulitupa nje.

Magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990 hutumia gesi iitwayo R-134a, ambayo katika shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 26 za Sentigredi chini ya sifuri. Ndani ya evapareta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, kimiminiko chake huchemka katika shinikizo dogo na kunyonya joto. Kila kilo moja inayogeuka mvuke hunyonya takriban kilojuli 200. Kompresa, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda, huuvuta mvuke huo na kuubana mpaka uwe moto kuliko hewa ya nje. Kisha mvuke hupita katika kondensa, mbele ya rejeta, ambako hupoteza joto lake na kurudi kuwa kimiminiko. Mwisho hupita katika tundu jembamba la vali ya upanuzi, shinikizo hushuka ghafla, na safari huanza upya.

Kwa kuwa joto husafiri kutoka penye moto kwenda penye ubaridi, kondensa haina budi kuwa na joto kuliko hewa inayoizunguka. Gari likienda kasi, upepo wa njia huipoza. Likisimama, kazi hiyo yote huwa ya feni. Hapa ndipo penye ufumbuzi wa kisa cha mwalimu wetu: kiyoyozi kinachopoza safarini na kushindwa kwenye foleni humwelekeza mpimaji kwenye feni, au kwenye kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu.

Maswali ya kwanza

Kabla ya kutumia chombo chochote, yafaa kuuliza: Je, hewa inatoka kwa nguvu? Ikiwa inatoka kidogo, hata kama ni baridi, huenda kichujio cha hewa kimejaa uchafu, au feni ya ndani ni dhaifu. Je, hewa ni baridi upande mmoja na ya joto upande mwingine? Hapo kilango cha kuchanganya hewa baridi na ya moto chaweza kuwa kimekwama, ingawa upungufu wa gesi nao huleta dalili hiyo katika baadhi ya magari. Maji yanayodondoka chini ya gari yasimtishe mtu: ni unyevu wa hewa uliogeuka maji juu ya evapareta, nayo ni ishara kwamba upozaji unafanyika.

Katika magari yenye klachi ya sumaku, kitovu cha kompresa hunasa na kuanza kuzunguka mara swichi inapowashwa. Kisiponasa, tusiilaumu kompresa bado. Tupime kama umeme unafika. Fyuzi au rilei yaweza kuwa imeungua. Na swichi ya shinikizo huzuia umeme kwa makusudi gesi inapopungua mno, ili kompresa isisagike kwa kukosa mafuta yanayosafiri pamoja na gesi hiyo.

Geji mbili na maana yake

Fundi mwenye ujuzi huunganisha geji mbili, moja upande wa shinikizo dogo na nyingine upande wa shinikizo kubwa. Injini ikiwa imezimwa na gari limepoa hadi nyuzi 30, geji zote mbili zitaonyesha takriban baa 6.7. Lakini tahadhari: kipimo hiki hakisemi gesi ni kiasi gani. Maadamu bado kuna kimiminiko hata kidogo ndani, shinikizo hufuata halijoto tu. Wanaojaza gesi kwa kutegemea kipimo hicho hubahatisha. Kiasi sahihi hupimwa kwa mizani, kama lebo iliyo chini ya boneti inavyoagiza.

Injini ikifanya kazi, geji husomwa kwa pamoja:

(a) Zote mbili zikiwa chini, aghalabu gesi imepungua.

(b) Zote mbili zikiwa juu, joto halitoki katika kondensa, au gesi imezidi kipimo.

(c) Upande mdogo ukiwa juu na upande mkubwa ukiwa chini, kompresa haibani. Hapa tu ndipo kompresa inaposhukiwa kwa haki.

(d) Upande mdogo ukishuka mno, hata kufikia sifuri, kuna kizuizi njiani, mara nyingi kwenye vali ya upanuzi.

(e) Upozaji ukianza vizuri, ukakoma, kisha ukarudi baada ya mapumziko, yawezekana maji yaliyoingia ndani yanaganda kwenye tundu la vali. Dawa yake ni kuivuta hewa yote kwa pampu, maana shinikizo likishuka sana maji huchemka hata katika halijoto ya kawaida, nayo hutoka kama mvuke.

Gesi haipotei bure

Mfumo huu umefungwa. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli. Ikiwa imepungua sana, imevuja. Kuijaza bila kutafuta tundu ni kumimina maji katika mtungi uliopasuka. Doa la mafuta kwenye kiungo cha mpira, au mapovu ya sabuni, huonyesha mahali pa kuvujia.

Jambo hili lina uzito kupita mfuko wa mwenye gari. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini itokayo katika gesi za jamii ya R-12, iliyotumika wakati huo katika viyoyozi, huweza kuharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulifungua njia ya kuziondoa. R-134a haina klorini, lakini kilo yake moja huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kilo moja ya kabonidayoksaidi. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo. Gesi ya gari iondolewe kwa mashine ya kuikusanya, isiachiwe hewani. Tena ikiruka yaweza kugandisha ngozi na kudhuru macho. Mwanafunzi asifungue mabomba yake kamwe.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu awape wanafunzi dalili hii: kiyoyozi hakipozi, klachi hainasi, na fyuzi ni nzima. Waorodheshe sababu zinazowezekana, kisha waseme ni kipimo gani kinachoweza kuifuta kila moja. Watakaozoea kufikiri hivyo hawatanunua kompresa kwa kosa la rilei, wala hawatakosa swali la kumwuliza fundi anayetaka kuibadilisha.