Methanol na Baridi ya Masaku

Maze, Julai ya Masaku haijui mtu. Ukungu unashuka kutoka vilima vya Iveti, nyuzi ni kama 12, na hiyo ndio saa injini ya methanol hukataa kushika. Wasee wa Subaru wakiskia hiyo jina wanawaza pawa tu: oktani iko juu, turbo inasukuma na injini haigongi. Ni ukweli. Kule Indianapolis ndai nyingi za mbio zilihamia methanol 1965, na haikuwa juu ya spidi. Mwaka uliotangulia ajali yenye moto wa petroli ilikuwa imewaua madereva wawili, Eddie Sachs na Dave MacDonald.

Sasa cheki venye ngori huingia. Kenye huwaka ni mvuke, si maji maji. Petroli ni mchanganyiko, iko na sehemu nyepesi zinapaa hata kukiwa na baridi, so cheche ikipiga inapata kitu. Methanol ni kitu moja tu, inachemka kwa nyuzi 65, na chini ya nyuzi 11 hivi mvuke wake hautoshi kushika moto, so kwa 12 uko pembeni kabisa. Alafu kwa hewa ile ile inamwagwa zaidi ya mara 2 ya petroli, na kila tone linanyonya joto ndio lipae. Piga hesabu yote: inaibia injini joto karibu mara 7 ya petroli. Kwa mbio, injini ikichemka, hiyo ni baraka. Asubuhi ni noma. Matone yanakwama kwa ukuta wa manifoldi, yanaosha oili kwa silinda, plagi zinalowa, na wewe unaendelea kuua betri na stata.

Dawa ya kwanza ni kuvunja tone. Likikatwa upana nusu, unapata matone 8, na eneo la kupokea joto linakuwa mara 2. Hapo injekta ya presha kali inaacha kabareta mbali sana. Lakini tone dogo halijipashi joto. Brazili, kwa magari ya ethanoli, walikuwa wanaweka katanki kadogo ka petroli ka kuwashia tu. Kwa methanol mchezo ni ule ule: petroli kiasi kwa manifoldi, injini ishike, ipate joto, ndio ufungulie methanol. Kupasha oili na maji ya injini mapema kunasaidia pia.

Na kuna kitu siwezi ruka, juu hii ni Masaku. Juni 2005 pombe yenye methanol iliua watu zaidi ya 40 huku kwetu, na wengine wakabaki vipofu. Methanol haina rangi, na moto wake mchana huuoni. So kwa gereji isikae kwa chupa ya soda hata dakika moja. Jerikeni iandikwe SUMU, ifungiwe na kufuli, na msee wa kumimina avae glavu, juu inapenya hadi kwa ngozi.