Laptopu Inapoganda Karibu na Msimu wa Korosho

Msimu wa korosho ukikaribia, laptopu za ofisi nyingi za Chiungutwa na vijiji vya Masasi na Newala huanza kudaiwa kazi kubwa. Karani wa chama cha msingi anabonyeza kitufe cha kuwasha, nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka na kuzunguka. Faili la Excel lenye majina ya wakulima, kilo zao na akaunti zao za benki linafunguka nusu, kisha kioo kinaganda. Jirani anasema ni virusi. Fundi wa kwanza anasema mashine ipigwe Windows upya. Kabla ya kumsikiliza yeyote kati yao, kuna jambo la kujua: diski ina hali gani?

Swali hilo limeongezeka uzito. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za kusini zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, na katika msimu wa 2024/25 minada ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Madaftari bado yapo, lakini orodha inayompatia mkulima malipo yake hupita kwenye kompyuta. Mwalimu anayechapa mitihani na mtendaji anayetunza takwimu za kijiji nao wanategemea mashine za aina hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kabla bisibisi haijagusa chochote, nakili mafaili. Mashine inayosuasua bado inasomeka. Ikishakufa, kuyapata yaliyomo ni kazi ngumu na ya gharama. Chomeka fleshi au diski ya nje, anza na mafaili ya kazi, zifuate picha, miziki na filamu ziwe za mwisho. Faili likigoma, liruke uendelee na mengine, maana kulilazimisha kunaimaliza diski ambayo tayari ni mgonjwa. Anayekimbilia kupiga Windows bila kunakili hukuta diski imefutwa, na kama ubovu ulikuwa kwenye diski yenyewe, mashine inarudi kuganda baada ya muda mfupi.

Mafaili yakiwa salama, pima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litafunguka na kuonyesha matumizi ya prosesa, kumbukumbu (RAM) na diski kwa asilimia. Acha mashine itulie dakika kadhaa baada ya kuwaka, usifungue chochote. Diski ikiendelea kukaa kwenye 100 au karibu yake, umempata mtuhumiwa wa kwanza. Kumbukumbu ikipita 90 mara tu unapofungua kivinjari, RAM haitoshi. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ikiwa nzito mashine yote husimama. Ndiyo maana laptopu yenye RAM ya GB 4 inaweza kuonekana ina diski mbovu kumbe imeelemewa tu. Humo humo kwenye Task Manager kuna orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Zima zile usizozihitaji.

Diski ngumu ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kila kipande cha faili lazima kitafutwe kwa mwendo wa kichwa hicho. Diski ya kisasa aina ya SSD haina kinachozunguka, na hukipata kipande hicho haraka zaidi kwa mbali. Kupima afya ya diski, programu ya bure ya CrystalDiskInfo inatosha: bluu ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Ikitokea njano au nyekundu, au ukasikia mlio wa tak-tak-tak kutoka ndani, usihangaike kuitibu. Badilisha. Kwa laptopu ya miaka ya 2012 hadi 2016 iliyo nzima kwingineko, kuweka SSD ndilo tengenezo linaloleta nafuu kubwa kuliko yote, na kuongeza RAM hadi GB 8 hufuata.

Sasa tuje kwenye adui wa ukanda huu. Kuanzia katikati ya mwaka, mashamba ya korosho hupulizwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na vumbi lake la njano huingia hadi vyumbani. Pale ofisi inapopakana na ghala, mifuko ya salfa na kompyuta hukaa chini ya paa moja. Feni ya laptopu huvuta hewa yoyote iliyopo. Fundi akifungua mfuniko wa chini, hukuta mapezi ya kipozea, yale mabati membamba mbele ya feni, yamezibwa na utando mzito kama kipande cha blanketi: vumbi jekundu la barabarani, nyuzi za nguo na chembe za njano. Salfa ina madhara ya ziada. Hushikamana na shaba na fedha na kuzigeuza rangi nyeusi, na madini hayo mawili ndiyo hupitisha umeme kwenye bodi na viungio vyake. Unyevu ukiongezeka, uharibifu huo huenda haraka.

Mapezi yakiziba, joto halitoki, na dalili yake inajulikana kwa saa. Laptopu iliyo nyepesi asubuhi na nzito saa nane mchana, feni ikivuma, kwa kawaida imeziba. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ikizidi, mashine huzima ghafla. Dawa ni kuisafisha kwa brashi laini na hewa, feni ikiwa imeshikwa isizunguke, na kubadilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka. Wakati wa kupuliza mashamba, ifunike au itie kwenye begi ikiwa imezimwa kabisa, na isikae chumba kimoja na salfa.

Betri nayo isidharauliwe. Betri iliyokufa huifanya laptopu izime papo hapo umeme unapokatika, na kuzimika katikati ya kuandika huharibu mafaili. Ikivimba hadi kibodi inainuka, acha kuitumia, usiitoboe wala kuikandamiza, mpelekee fundi.

Programu nayo ina ukomo. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache. Anayenunua laptopu ya mtumba leo aulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha: kizazi cha prosesa, aina ya diski na ukubwa wa RAM. Na kila chama kiwe na nakala mbili za orodha ya wakulima, moja ikae nje ya ofisi, zikiandaliwa kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.