Ujira, Saa za Kazi na Bosi Asiyevumilika: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuacha Kazi

Mpakiaji wa magunia katika ghala la kahawa Bukoba, mhudumu wa nyumba ya wageni Muleba mjini, mchakataji wa samaki na mwalimu wa shule binafsi Kamachumu hawafanyi kazi moja, lakini manung'uniko yao yanafanana. Mshahara ni mdogo na unachelewa, saa za kazi hazina mwisho, na bosi hasemeki naye. Wengi huvumilia kwa kuwa wanajua wapo wengine wanaoitafuta nafasi hiyo hiyo. Baadhi huvumilia mpaka siku wanapotupa funguo mezani na kuondoka, na kwa kuondoka hivyo hupoteza hata kile walichowekewa na sheria.

Katika sura hii tunaeleza haki za msingi zilizomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka huo huo, na namna ya kuzidai.

Je, kibarua ni mfanyakazi?

Katika msimu wa kahawa, na hata katika shughuli za kila siku za mjini, watu wengi huchukuliwa kazini bila karatasi yoyote. Wanapodai haki, hujibiwa: "Wewe ni kibarua tu." Jibu hilo halimalizi jambo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, iwapo walau kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kinamhusu. Miongoni mwa vigezo hivyo ni kwamba saa zake au namna yake ya kufanya kazi husimamiwa na mtu mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, au hutumia vifaa anavyopewa naye. Jina mliloupa mkataba wenu halibadilishi hali hiyo.

Vilevile mwajiri ana wajibu wa kumpa mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa na ujira. Shauri likifika mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuyaonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye. Kwa hiyo, asiye na mkataba wa maandishi asidhani kwamba hana haki.

Saa za kazi na hesabu ya ujira

Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya dakika 60. Kila wiki anastahili saa 24 za mapumziko mfululizo. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi. Wanaosimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawaguswi na masharti haya ya saa.

Tuchukue mfano wa muuza duka anayelipwa shilingi 195,000 kwa mwezi. Sheria huugawa mwezi kwa wiki 4.333, wiki hizo zikizidishwa kwa saa 45 tunapata takriban saa 195. Ujira wake ni shilingi 1,000 kwa saa, na kila saa ya ziada ni shilingi 1,500. Akifunga duka saa mbili baada ya muda kwa siku 20 za mwezi, amefanya saa 40 za ziada, na anastahili kuongezwa shilingi 60,000. Huo ni karibu theluthi moja ya mshahara wake, nao hupotea bila mtu kuuhesabu.

Kuhusu kima cha chini, Serikali hutoa Amri ya Mishahara inayotaja kiwango cha kila sekta, kuanzia kilimo hadi kazi za nyumbani. Amri hizo hubadilishwa mara kwa mara. Mfano ni ile ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Tunashauri umuulize Afisa Kazi kiwango kinachotumika sasa katika sekta yako. Makubaliano ya kulipwa chini ya kiwango hicho hayamwondolei mwajiri wajibu wake.

Makato ya mshahara

Kreti ya bia imevunjika, hesabu ya duka imepungua, mteja ameondoka bila kulipa: mwisho wa mwezi mhudumu hukuta mshahara umekatwa. Sheria hairuhusu ukataji wa namna hiyo. Ili mwajiri akate fedha kufidia hasara, ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi chake, apewe nafasi ya kupinga, na akubali kwa maandishi. Hata hapo, makato hayazidi robo ya ujira wake wa fedha.

Makato ya hifadhi ya jamii ni halali, lakini yafuatilie. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi asilimia 10. Uliza katika ofisi ya Mfuko iwapo fedha unazokatwa zinafika.

Bosi asiyevumilika

Sheria haimlazimishi bosi kuwa mcheshi. Ukali peke yake si kosa. Lakini unyanyasaji unaotokana na jinsia, ujauzito, ulemavu, kabila, dini au hali ya maambukizi ya VVU ni ubaguzi uliokatazwa. Aidha, mfanyakazi aliyelazimika kujiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike huhesabiwa kuwa ameachishwa. Ili dai hilo lisimame, ataulizwa iwapo alitumia kwanza njia zilizopo za kulalamika. Ndiyo maana tunasisitiza kuandika malalamiko, kuyapeleka kwa mwajiri na kubaki na nakala, kabla ya kuondoka.

Siku 30 na siku 60

Hapa ndipo wengi hupoteza haki zao. Mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ikiwemo ya mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Mtu aliyeachishwa akiambiwa "njoo mwisho wa mwezi tuongee," kisha mwezi unaofuata tena, muda humwishia akisubiri. Aliye katika visiwa vya Bumbire au Goziba ahesabu pia siku za kungoja usafiri wa ziwani. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima atoe sababu za msingi.

Kwa mkoa wa Kagera, Tume ina ofisi Bukoba. Mlalamikaji hujaza Fomu Na. 1, humpatia mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho wa kumfikishia. Usuluhishi huanza, usipofanikiwa, shauri huendelea kwenye uamuzi. Si lazima kuwa na wakili: unaweza kusimama mwenyewe au kuwakilishwa na chama chako cha wafanyakazi. Anayetumikia chini ya miezi sita hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, lakini anaweza kudai ujira alioufanyia kazi.

Ambaye bado yuko kazini na anaona sheria inavunjwa amweleze Afisa Kazi, mwenye mamlaka ya kukagua mahali pa kazi na kutoa amri ya utekelezaji kwa mwajiri.

Vitu vya kuhifadhi

1. Mkataba, barua na karatasi za mshahara.
2. Ujumbe wa simu wa malipo na wa maagizo ya kazi.
3. Daftari la saa ulizoingia na kutoka, likijazwa siku hiyo hiyo.
4. Majina ya wenzako walioshuhudia.
5. Tarehe halisi ya kuachishwa, kwa maana siku 30 huhesabiwa kuanzia hapo.

Daftari la shilingi mia chache, likitunzwa vema, hulinda ujira wa miezi mingi.