Fahamu: Mwani unaorutubisha majaruba ya mpunga

Utando wa kijani juu ya maji ya jaruba huonekana kama uchafu tu. Kumbe unaweza kuwa mbolea.

Mwaka 1939, mwanasayansi wa India, P. K. De, alieleza kuwa mwani wa bluu-kijani huchangia kudumisha rutuba ya mashamba ya mpunga. Viumbe hawa, ambao kwa hakika ni bakteria, hunasa naitrojeni ya hewani ambayo mpunga wenyewe hauwezi kuitumia. Baadhi yao wana seli maalumu zenye kuta nene zinazozuia oksijeni. Humo naitrojeni hugeuzwa kuwa amonia. Kiwandani kazi hiyo huhitaji joto la nyuzi 400 na zaidi. Mwani hutegemea jua.

Nchini India mwani huu huzalishwa kwenye vidimbwi vya kina kifupi vyenye udongo, maji na fosfeti, kisha hukaushwa. Takriban kilo 10 hunyunyizwa kwa hekta, wiki moja hivi baada ya kupandikiza miche. Makadirio ya kawaida ni kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta kila msimu: msaada wa maana, ingawa hautoshi peke yake kwa mavuno makubwa. Udongo wenye tindikali huudhoofisha mwani, na urea ikizidi, huacha kunasa naitrojeni.

Mkulima anayetaka kuujaribu aanze na jaruba moja, apunguze urea kidogo, kisha alinganishe mavuno.